Homa ya Mapafu Zizini kwa Baba

Jumanne, 4 Juni
Sampuli kumi na nne za kuku kutoka Kiseke. Mafua, kama wiki iliyopita. Hapa maabara umeme umekatika mara mbili, nimeanza kazi upya mara mbili. Jioni Baba akapiga simu kutoka Usagara. Fahali mwekundu anakohoa, hataki kula. Baba anasema ni vumbi. Sijapenda.

Jumatano, 5 Juni
Nimeenda. Fahali kanyoosha shingo, miguu ya mbele kaitanua, anakoroma kila akivuta pumzi. Wawili wengine wanakohoa. Nimewachukua wote watatu ute wa pua kwa vijiti vya pamba. Baba alishika kamba. Sita kati ya ng'ombe wa Baba ni mahari ya kaka yangu Masanja. Jumamosi wanapelekwa Magu, kwa mama wa Kabula, mchumba wake.

Ijumaa, 7 Juni
Mashine inatafuta vinasaba vya bakteria na kuvizidisha. Vikiwapo, mstari kwenye kioo unapanda. Umepanda kwa wote watatu. Nimerudia kwa dawa mpya. Umepanda tena. Homa ya mapafu ya ng'ombe.

Taarifa kwa daktari wa mifugo inatakiwa itoke siku hiyohiyo. Nikampigia Baba kwanza. Kosa langu. Akasema, "Mwanangu, ngoja Jumatatu. Wale sita hawakohoi."

Nilimweleza kuwa asiyekohoa naye anaweza kuwa na ugonjwa. Akakata simu.

Fomu ya taarifa sijaijaza. Namwogopa baba yangu kuliko ugonjwa. Ndivyo nilivyo.

Jumamosi, 8 Juni
Wamepelekwa. Masanja ametuma picha. Kabula kavaa kitenge kipya, mama yake anacheka. Nimezima simu.

Jumatatu, 10 Juni
Nimejaza fomu saa mbili asubuhi. Daktari wa mifugo amefunga zizi la Baba, kisha akaenda Magu. Amechelewa. Wale sita walishalala zizi moja na ng'ombe wa mama Kabula. Karantini huku na kule. Fahali amekufa. Baba kamwambia Masanja kwamba yeye hana tena binti.

Jumatano, 24 Julai
Magu. Nimetumwa mimi kuchukua sampuli. Sikukataa.

Mama Kabula ni mjane. Alikuwa na ng'ombe sita wake mwenyewe. Wanne wamekufa. Wa mahari wamesimama, wanacheua. Uchumba umevunjika. Kabula hakutoka ndani.

Nikamwamkia mama shikamoo. Akaitikia marahaba, taratibu. Nikashindwa kufungua boksi la vijiti.

"Mama, majibu niliyapata Ijumaa, kabla hawajaletwa. Nilinyamaza."

Nilitaka anitukane. Akamshika ng'ombe pembe.

"Pita upande huu," akasema. "Huyu anapiga teke."

Nikafungua boksi.

Alhamisi, 25 Julai
Sampuli mbili za mama Kabula. Moja ina ugonjwa. Nyingine mstari umelala. Nimeirudia mara tatu. Umelala.

Nimempigia. Akauliza mzima ni yupi. Mtamba mwenye doa usoni, nikamwambia, ila atapimwa tena. Akasema atamfunga peke yake, nyuma ya jiko. Nikasikia anaweka simu chini bila kuikata. Kisha hatua zake, na kamba ikiburuzwa.