Mchicha Wako na Baridi ya Mei

Mama Neema,

Kwa masikitiko makubwa natangaza vifo vya miche mitatu ya nyanya, iliyofikwa na umauti leo alfajiri kwenye roshani yetu hapa Tensta, Uswidi. Chanzo ni jalidi, baridi ile ya kugandisha umande. Mtuhumiwa ni mimi: jana jua liliwaka, nikavua sweta, nikaamini. Nikaiacha nje.

Mchicha ulikuwa ndani. Tulia.

Nasema tulia, na mwenyewe sijatulia. Maana nina la kukiri, na bora ulisikie kwangu. Ulipoondoka Oktoba, mchicha wako ulikuwa bado haujakomaza mbegu, na nani angekumbuka mbegu siku zile... Zilibaki zile tu za kwenye kikopo cha filamu, za marehemu mama yako wa Muheza. Hakuna tena wa kututumia nyingine.

Basi Aprili theluji ikayeyuka. Nikaenda kwenye kile kibustani chetu cha kukodi, nikakuta udongo umelowa, mweusi, unanukia. Mtu wa Korogwe akiona udongo umelowa anafanya nini? Anapanda. Nikapanda nusu ya kikopo. Jirani yetu wa bustani, yule Mswidi mstaafu, akasimama kwenye ua akaniangalia, akasema tu, "Jaha." Unaijua jaha yao, ile "haya bwana" ya Kiswidi. Zote zikaoza. Kiganja kimoja chini kulikuwa bado na barafu.

Sasa nimesoma migongo ya pakiti zote dukani bila kununua hata moja. Njegere na figili zinavumilia Aprili, karoti nazo zikibembelezwa. Maharage, matango, nyanya na huo mchicha wako, mpaka Juni iingie. Nusu iliyobaki nikaisia kwenye maboksi ya maziwa, dirishani jikoni, juu ya hita. Imeota miche saba. Saba, Mama Neema, ndiyo yote iliyobaki duniani. Nikiwahi kuihamisha, yaleyale ya nyanya. Nikichelewa, baridi ya vuli inaikuta haijatoa mbegu, na hapo tumekwisha. Asubuhi naitoa izoee upepo, jioni naiingiza. Binti yako anawaambia wenzake kwenye simu kwamba baba yake anatembeza mboga.

Leo, baada ya mazishi ya nyanya, uvumilivu ukanishinda. Nikabeba miche yote saba kwenda bustanini, nikasema bora nijue moja. Neema akanifuata, amenuna. Nilikuwa nimeshashika koleo alipopiga magoti, akakunja mkono wa koti, akachomeka kiwiko kwenye udongo kama mtu anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Akafumba macho.

"Inte än, pappa."

Bado. Kwa Kiswidi, lakini kwa sauti yako ileile ya kuninyang'anya kopo la chumvi.

Ulimfundisha lini? Na mimi nilikuwa wapi? Nimeenda kuchota maji, bila shaka. Ulinituma sana maji, wewe.

Tumeirudisha nyumbani yote, mizima. Nakuahidi haitoki tena mpaka kiwiko cha mwanao kiridhike, kalenda iseme itakavyo. Na mbegu safari hii nitazivuna kwa mkono wangu, hata mvua inyeshe. Pumzika kwa amani, mke wangu. Sina tena cha kukuficha.

Neema mwenyewe, mchicha hali.