Walivyokuita Ndani ya Kiwanda cha Nguo

Mama yangu,

Kile kiwanda cha nguo ulichokifanyia kazi hapa Musoma kimefunguliwa tena, ila hakifumi. Wamekipaka chokaa, wamejenga jukwaa pale zilipokuwa mashine, na sasa ni nyumba ya ngoma na maigizo. Nilipoambiwa, sikufurahi. Tangu tukuzike Butiama, nyumba yetu ya Kamunyonge imenyamaza, na mimi nilijiambia kwamba kama umebaki mahali, basi ni mle. Jumamosi nilikwenda kuona kama wamekufuta.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka kazini bado unaongea kwa sauti ya kushindana na mashine? Jirani akachungulia, akikuita kwa jina la dada yangu mkubwa: "Mama Neema, leo unagombana na nani?"

"Na ugali!"

Kanisani ndipo ulipopumzika. Wewe na Mama Nyangeta, mfumaji mwenzako, mlisemezana kwa vidole kutoka benchi hadi benchi, kama mlivyozoea kiwandani, mpaka katekista akadhani mnafukuza nzi. Mimi nilikaa katikati, maneno yenu yakipita juu ya kichwa changu kama ndege yangeyange.

Jumamosi nilimkuta Mama Nyangeta mstari wa mbele. Ngoma zilipopamba moto, hakuna aliyemsikia mwenzake. Jua liliingia kwa madirisha ya juu, vumbi likapanda kutoka miguuni mwa wachezaji, jepesi kama pamba. Basi yeye na wafumaji wenzake wakainua mikono wakaanza kupiga soga. Vidole vilikwenda, midomo ikacheza, wakacheka bila sauti.

Ngoma zilipotulia nilimuuliza mlikuwa mnaitanaje.

"Jina utaliita vipi na zile kelele, mwanangu? Kila mtu alikuwaga na alama yake. Mimi walikuwa wanashika sikio, hivi, sababu ya hereni. Nilikuwa mrembo, usinione hivi."

"Na mama?"

Akaweka kiganja tumboni, akakizungusha polepole.

"Alianza kazi na mimba yako. Ukazaliwa, ukaanza shule, sisi tukaendelea kumwita hivyo hivyo mpaka kiwanda kinafungwa."

Mama, hukuwahi kuniambia. Miaka yote ile, kila aliyekuhitaji mle ndani alikuita kwa kunitaja mimi.

Ngoma zikaanza tena. Niligeukia ukumbi, nikaweka kiganja tumboni, nikakuita.

Pumzika, mama. Sitakusumbua kila siku.

Ni mimi,
kitinda mimba wako