Pombe ya Mchele Uliyoninywesha, Malogo

Malogo, ndugu yangu wa kuchanjiana,

Nimerudi. Nasikia mlikwisha kunililia, mkidhani nimefia njiani na mizigo ya Wadachi. Kumbe wewe ndiye uliyekufa kwa homa, na mimi niko hai, nachechemea, sina wa kumuuliza.

Siku tuliyochanjiana ulisema, "Sewando, damu yako sasa ni damu yangu." Nilikuamini.

Unaikumbuka siku ile kwa Bibi Mjapani? Tangu gari la moshi lifike Dodoma tulimpakulia makasha yake, yananuka bahari ambayo mpaka leo sijaiona. Ndani ya mgahawa wake hatukuwahi kuingia. Walikula makarani na Wagiriki wa reli. Kisha vita vikaanza. Wewe, mnyapara wetu, ukanijia mchana umevaa kanzu safi: "Twende tukale kwa Bibi. Leo ni juu yangu."

Tuliketi mkekani, mbele ya meza fupi isiyofika magotini. Bibi akatuletea pweza mkavu, kamchoma kwenye makaa na kumkata vipande vyembamba. Nikatafuna, nikatafuna, nikakuuliza, "Malogo, huyu ni mnyama au kiatu?" Ulicheka mpaka ukafuta machozi. Sasa najiuliza yale machozi yalikuwa ya nini. Wakaja samaki wa chumvi na wali, na ile pombe ya mchele aliyoipika mwenyewe uani, ya moto, katika vikombe vidogo kama maganda ya yai. Alitufundisha kwamba kwao mtu hajimiminii mwenyewe. Basi ukanimiminia, ukanimiminia tena. Chako hukukigusa.

Bibi aliona. Alikutazama, akatazama mlango, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Unguja, "Wewe, maliza upesi, nenda nyumbani." Nikadhani anataka kufunga. Ukasema, "Kaa, ndugu yangu. Samaki bado."

Nikakaa. Askari walipoingia hawakuuliza jina. Walikutazama wewe, na wewe ukanionyesha kwa kidevu. Walinitia kamba shingoni samaki angali mdomoni. Nilikuita, Malogo. Ulikuwa unatazama mkeka.

Nilibeba masanduku ya risasi mpaka mguu ukaoza. Na njia nzima nilikutetea! "Walimtisha," niliwaambia wenzangu. "Atakuja kunitafuta." Walionisikia wengi wao wamebaki porini bila kaburi.

Mkeo ndiye aliyenieleza juzi, uso kaugeuzia ukutani. Akida wa Wadachi alitaka mpagazi kutoka nyumbani kwako. Alimtaka Chiloleti, mwanao, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameoa. Ukamwambia, "Mchukue Sewando. Hana mke, hana mtoto. Hakuna atakayemlilia."

Hakuna atakayenililia. Nawe ulikuwepo.

Ungeniambia! Ungekuja tu ukasema, wanamtaka mwanangu, nifanyeje? Ningekwenda kuubeba ule mzigo kwa miguu yangu, bila kamba. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mguu. Umenilaghai kwa kitu ambacho ningekupa.

Mambo yamebadilika hapa. Nyumba ya Bibi imefungwa. Nchi yake iliingia vitani upande wa adui, Wadachi wakamchukua, hatujui wamempeleka wapi. Chiloleti amepata binti. Hajui lolote. Ananiita baba, ananiletea maziwa kila asubuhi, na nikimtazama naiona pua yako, nayanywa kwa shida.

Kesho kuna tambiko kaburini kwako. Wamenitaka niseme maneno, kwa kuwa mimi ni ndugu yako wa damu. Nitakuja. Lakini usitegemee neno la msamaha, sinalo, na sitasimama mbele ya watu nikakudanganya.

Ila nakuahidi hivi: Chiloleti hatalisikia jambo hili kutoka kinywani mwangu. Akiniuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani, nitamwambia alimpenda mwanawe kupita kitu chochote duniani. Huo ni ukweli, Malogo. Mimi ndiye niliyeubeba.

Lala. Mimi bado siwezi.

Sewando