Siku Mbili za Kimya

Mama, shikamoo. Huku Musoma upepo wa ziwa unataka kuninyang'anya hata kadi hii.

Juzi nilivuka kwa mtumbwi, nahodha akanishikia simu isilowe. Jana nataka kukupigia, netiweki hakuna. Nikatoa laini, nikaifuta kwa kanga, nikazima, nikawasha, wapi! Leo muuza dagaa mmoja hapa Mwigobero akacheka: "Hao manahodha wanawekaga simu hali ya ndege, chaji isiishe ziwani." Akagusa ile alama ya ndege, netiweki ikarudi pamoja na meseji zako tisa. Ya mwisho: "Hata kama umekasirika, sema umefika."

Nilipokupigia tuliongelea mvua tu. Nakuletea sato, mama yangu, na ukweli: juzi nilinyamaza kwa hasira. Jana ndiyo ilikuwa simu.

Mwanao,
Neema