Akaunti ya Baba Kwenye Seva ya Maziwa

Jumanne. Ukungu tangu asubuhi, mlima haujaonekana kabisa.

Leo nimepanda Kibosho kuiondoa hifadhidata kwenye seva ya kikundi cha maziwa. Kuiondoa yote, isibaki hata faili moja. Baba ndiye aliyekuwa karani wa kikundi: kwanza kwa chaki kwenye ubao wa nje, halafu kwenye seva niliyomfungia mwenyewe. Tulimzika mwaka jana kihambani kwetu, kwenye shamba la ukoo, hatua chache nyuma ya ofisi ya kikundi.

Tatizo ni kwamba akaunti yake bado inaandika.

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ofisi haijafunguliwa, lita za kila mtu zinakuwa zimeshaingia. Maziwa yakija kupimwa, ni lita hizohizo. Akina mama wameogopa, wengi wameacha kuleta. Wakiacha wote, kikundi alichokijenga baba kinakufa.

Mimi mbishi wa mambo haya. Nilitafuta kama kuna kazi iliyopangwa kujiendesha yenyewe, sikuiona. Nenosiri lilishabadilishwa, waya wa mtandao ulishachomolewa. Nikafungua orodha ya leo. Mwisho kabisa palikuwa na jina langu.

Lita sifuri. Hajafika.

Nilisikia baridi hadi kwenye meno. Niseme ukweli: tangu mazishi sijakanyaga nyumbani. Hata Krismasi, wakati kila Mchaga anapanda kwao, nilibaki mjini nikasingizia kazi. Naona aibu hata kuliandika.

Mama Aikande, mwenyekiti wa kikundi, aliweka jani la isale juu ya seva. Kwetu ukimpelekea mtu isale unamwomba msamaha, naye hawezi kukukatalia.

"Mwanangu, usimtoe baba yako kama unafukuza mwizi. Nenda na hili kaburini, umwombe kwanza."

"Nikimaliza, mama."

Nikaisimamisha programu, nikaiondoa kwa purge, amri isiyobakiza kitu. Nikafuta mipangilio, folda ya data, hata mtumiaji wake kwenye mfumo. Nikaiwasha mashine upya na kupekua kila kona. Hakuna kitu.

"Ameenda?" akauliza.

"Ameenda."

Kaburini sikwenda. Nilisema mvua inakuja, nikateremka. Isale nililiacha palepale juu ya seva.

Saa kumi jioni nakunywa chai hapa Moshi, Mama Aikande akapiga simu. Aliuliza kama nimerudi huko juu bila kumwambia. Ule ubao wa nje, ambao haujaguswa tangu tulete seva, una chaki mbichi. Jina langu, lita sifuri. Mwandiko anaujua.

Sikubisha. Nilimwomba tu asiufute.

Naogopa, na nimemkumbuka baba kuliko siku zote. Kesho napanda na isale mkononi, laptop naiacha. Saa kumi na mbili na nusu nataka anikute nimeshafika.