Saratani ya Baba Haijulikani Ilikoanzia, Lawama Kapewa Mama Mdogo

Mpendwa Shangazi Lydia, shikamoo. Naomba msaada wako kabla ya Ijumaa maana nimebanwa kila upande. Mimi ni karani wa kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali moja hapa Dodoma, kazi yangu ni kusoma alichoandika daktari na kuingiza kila ugonjwa kwenye kompyuta kwa namba yake, sasa baba yangu, Mzee Jamaldini, aliletwa kwetu kutoka Kondoa akakutwa na saratani kwenye ini, ila kipande cha nyama walichokata kwenye ini kupima kikaonyesha haikuanzia hapo, wametafuta kwenye mapafu, tumboni, kote, hawajaona ilikotoka, na daktari ameandika hivyo hivyo kwamba chanzo hakijulikani, baba karudi nyumbani kusubiri kuanza dawa. Kaka yangu Amiri aliposikia akasema, "Ugonjwa usio na chanzo una mtu," na mtu mwenyewe ni mama mdogo Salwa, ambaye baba alimwoa baada ya mama yetu kufariki, eti kamlisha kitu, na Ijumaa baada ya swala ukoo unakaa kumtoa nyumbani, na huyo ndiye anayemwosha baba na kumnywesha uji, sijawahi kuona baya lake. Shangazi, ipo namba ya saratani iliyoanzia kwenye ini, nikiibonyeza hiyo nikamchapia kaka karatasi, maneno yanaisha. Nibonyeze?

Salha, Nkuhungu

Marahaba, Salha. Usibonyeze!

Pole sana, mwanangu. Kuuguza baba huku ukoo unawaka moto si mchezo. Lakini unalotaka kufanya ni la hatari, na unajua kuliko mimi. Daktari wa kesho akifungua faili atasoma ini, dawa zitafuata ini, na kutafuta chanzo kutaishia hapo. Tena Amiri akishalikubali hilo ini, atauliza nani kaliharibu.

Halafu tuambiane ukweli. Saratani ya namna hii nayo ina namba yake, sivyo? Umeshaiingiza kwa baba za watu wengine na hukuwahi kuuliza nani kawaroga. Madaktari wanaijua na wanaitibu. Unayemwogopa wewe ni kaka yako, ndiyo maana unataka kompyuta imjibu kwa niaba yako.

Namba ifuate alichoandika daktari. Kesho mwombe daktari huyo, kwa ruhusa ya baba, ampigie Amiri simu amweleze mwenyewe. Na Mzee Jamaldini yu hai, mke ni wake, mbona hakuna aliyemuuliza anamtaka nani chumbani kwake? Muulizeni, na jibu lake lisikike kikaoni.

Ijumaa panda basi la asubuhi. Ukifika Kondoa usiende kukaa na shangazi zako, kakae kando ya mama mdogo, mkeka mmoja, useme kwa sauti ulichokiona kwa macho yako. Amiri akisisitiza kwamba lazima atoke, usibishane naye. Mpe beseni na taulo, mwonyeshe chumba cha baba.