Mita Sitini Kutoka Chemchemi

Jumatatu, 3 Novemba
Mwanangu Desi ametoka kumwaga kikombe cha maji kwenye majivu, akajipaka usoni, anacheka. Nimemfuta na kanga. Meno manne sasa. Tuko turubai saba hapa bondeni Msamala, tangu vyumba vya kupanga vibomoke kwa mvua. Langu ndilo linalogusa chemchemi. Najivunia. Nachota nikiwa nimekaa mlangoni.

Jumatano, 5 Novemba
Desi anaharisha. Watoto wa Mama Fides, jirani yangu, nao wanaharisha. Nesi wa zahanati kaniuliza maji nachota wapi. Nepi nafulia wapi. Nikasema palepale. Akasema, "Na hayohayo mnakunywa." Aibu haijaisha mpaka sasa.

Alhamisi, 6 Novemba
Mwenyekiti wa mtaa kaja. Shikamoo zetu kaitikia vizuri. Halafu kasema hiki ni chanzo cha maji, ndani ya mita sitini hakai mtu, Jumamosi asikute turubai. Twende wapi na watoto wagonjwa? Mama Fides anasema tugome. Mimi najua mzee kasema kweli. Nikamfuata njiani, nikamwomba tupande kule juu kwenye uwanja wa mtaa. Kasema, "Hameni kwanza, nione."

Ijumaa, 7 Novemba
Nimefungua kamba ya turubai langu. Mama Fides kaacha habari ya kugoma; ni fundi cherehani, kaipima kwa futi yake ya kushonea. Mita kumi. Tukaivuta mara sita kupanda mlima.
"Haya Mama Desi, chemchemi tunaishonea gauni la mikono mirefu?"
Nimecheka mpaka machozi. Nikang'oa langu la kwanza. Mwenyekiti akikataa, sina kitu. Hadi jioni yote saba yako juu.

Jumamosi, 8 Novemba
Mzee kapima kwa hatua zake mwenyewe, midomo inahesabu. Karudia tena. Kasema tukae mpaka mtaa utupatie viwanja, ila chemchemi tuilinde sisi. Kufulia ni huku juu, maji machafu kwenye shimo. Mchana kaleta miche ya mivengi, miti inayotunza maji, tukaipanda kuzunguka chemchemi.

Jumatano, 19 Novemba
Kuchota sasa ni mbali, mgongo unauma. Ila chini ya ndoo hakuna tope. Nachemsha, napooza. Desi kanywa kikombe kizima, akanyoosha kidole aongezwe. Choo chake kizuri siku ya sita leo.
Mche wangu umetoa jani. Dogo, kama ukucha wa Desi. Nataka niandike vizuri lilivyo, kwa sababu nilipoliona asubuhi niliji— Mama Fides ananiita, ni zamu yangu ya kulinda chemchemi.